Ushuru wa uchakavu wa magari: nani ameona hewa ikisafishwa?

#1 Mtoto wa Pangani

Wakuu salaam.

Nimeshika kalamu tangu jana usiku. Nataka kuagiza gari Japani, la petroli, cc 1,500, lenye miaka 12. Ili hesabu iwe nyepesi nimeweka milioni 10 kamili kuwa thamani yake mpaka linagusa bandari, yaani bei, bima na meli.

Ushuru wa forodha 25%: 2,500,000. Ushuru wa bidhaa kwa ukubwa wa injini 5%: 625,000. Halafu unakuja ule wa uchakavu. Kwa kuwa limevuka miaka 10 ni 30% ya 12,500,000, sawa na 3,750,000. VAT 18% juu ya vyote: 3,037,500. Hapo sijagusa tozo ya reli wala gharama za bandari.

Kila ninayemuuliza huo uchakavu ni wa nini ananijibu "mazingira". Sasa nauliza kwa moyo mweupe: kuna mtu humu ameona hewa ya Dar ikifaidika na hizo milioni tatu laki saba na nusu? Zinakwenda wapi?

#2 Forodha Kurasini

Mkuu, umejipunja. VAT inakaa juu ya uchakavu pia. 18% ya 3,750,000 ni 675,000. Kwa hiyo umri peke yake unakutoa 4,425,000. Gari hilohilo, kwa thamani ileile, lingekuwa na miaka 7 usingelipa hata senti ya hiyo. Likiwa kati ya miaka 8 na 10 ungelipa 15%.

Zinakwenda wapi? Kisheria ule ni ushuru wa bidhaa kama wa bia na soda. Unaingia Hazina na kuchanganyika na mengine. Hakuna kopo limeandikwa "hewa safi". Natoa magari bandarini mwaka wa kumi na moja huu, wateja wangu karibu wote wanauliza swali lako.

#3 Kapteni wa Kibaha

Agiza la miaka 7 basi, tatizo limeisha. Si ndivyo serikali inavyotaka?

#4 Mtoto wa Pangani

Kapteni, la miaka 7 la aina hiyohiyo linanizidi uwezo hata kabla halijapanda meli. Ningekuwa na hela hiyo nisingeanzisha uzi.

#5 Fundi Masega

Nipo Ilala, nashughulika na injini. Niseme ninachokiona kwa macho yangu.

Gari la petroli likitoka Japani, hata la 2005, chini lina masega. Kwa wasioyajua, ni kile chombo kwenye bomba la moshi, ndani kina vitundu kama sega la nyuki vilivyopakwa madini ya thamani. Kazi yake ni kuibadili hewa chafu ya injini kabla haijatoka nje. Likiwa zima, unaweza kusimama nyuma ya gari la zamani usisikie kitu.

Nini kinatokea baada ya bandari? Mwaka wa kwanza tu mwenye gari anaambiwa na fundi mwingine kwamba masega "yanabana gari", yatolewe. Yanatolewa, yanauzwa kwa wanunuzi wanaoyatafuta kwa ajili ya yale madini, na mwenye gari anawekewa bomba tupu. Kuanzia siku hiyo gari linatema hewa mbichi ya injini mpaka lifike kwenye vyuma chakavu. Mimi mwenyewe nimeshayatoa mengi nikiwa kijana. Niliacha baada ya kuelewa nilichokuwa nafanya, na sitaki kuyafanya tena.

Sasa pigeni picha. Mtu amelipia uchakavu 30%, masega yake mazima. Mwingine kaleta gari la miaka 6, hakulipa kitu, kayatoa wiki ya pili. Nani anachafua? Na nani aliyelipa? Kodi inatozwa mara moja getini. Moshi unatengenezwa baada ya geti, miaka 15 au 20, na hapo hakuna anayeupima.

#6 Mama Junia

Naomba na sisi tusio na magari tusikilizwe.

Naishi Mbagala, hatua chache kutoka barabara ya Kilwa. Mwanangu wa pili ana pumu. Jioni malori na daladala zikianza kupanda, nafunga madirisha na joto lote hili. Masizi yanakaa kwenye nguo za kuanika. Nyie mnajadili laki na milioni. Mimi nahesabu usiku ambao mtoto amelala vizuri.

Sipingi kodi. Kama ingekuwa inapunguza huu moshi ningesema waongeze. Ninachouliza ni kimoja: hiyo 30% inamgusa mwenye lori linalotoa wingu jeusi mbele ya nyumba yangu?

#7 Forodha Kurasini

Mama Junia, pole sana na mtoto. Jibu la swali lako: hapana. Ile 15% na 30% ni ya magari yasiyo ya kazi, yaani saluni na magari ya familia. Lori la mizigo la miaka 18 halibebi 30%.

#8 Mama Junia

Basi nimeelewa kwa nini watu hawaamini. Ahsante kwa ukweli.

#9 Mjukuu wa Chifu

Mnazunguka bure. Kodi ni kodi. Wanabadilisha jina tu. Mwaka 2021 si walituwekea shilingi 100 kwa lita ya mafuta wakasema ya mazingira?

#10 Kapteni wa Kibaha

Mjukuu, rekebisha. Ile shilingi 100 ya bajeti ya 2021/22 haikusemwa ya mazingira. Ilisemwa ya barabara za TARURA, za vijijini na mitaani. Unaweza kuipinga, lakini usiipe jina ambalo haikuwa nalo. Mwaka ule ule ndiyo ilikuja tozo ya miamala ya simu, labda ndipo unapochanganya hasira.

Ukitaka mfano wa kodi iliyobadilishwa jina, chukua leseni ya magari ya kila mwaka, tuliyokuwa tunaiita road license. Ilifutwa bajeti ya 2017/18. Tulishangilia. Badala yake ushuru wa petroli, dizeli na mafuta ya taa ukapanda shilingi 40 kwa lita. Kwa mtu wa gari ni nafuu, unalipa kidogokidogo na huviziwi na trafiki. Mimi niliiona ni busara.

#11 Binti Kasulu

Kapteni, busara kwako. Baba yangu ana mashine ya kusaga ya dizeli kijijini. Haina matairi, haina namba, haijawahi kukanyaga lami. Tangu 2017 kila debe la mahindi linalosagwa pale linalipia leseni ya magari ya Dar. Na bibi aliyewasha koroboi naye alilipia, kwa kuwa mafuta ya taa yaliguswa.

Halafu kumbukeni 2011. Ushuru wa mafuta ya taa ulipandishwa ghafla ili kukomesha uchakachuaji, kwa sababu walikuwa wanayachanganya na dizeli. Sawa, sababu ilikuwa ya kweli, injini zilikuwa zinakufa. Lakini nyumba zilizokuwa zinapikia jiko la mchina zilirudi kwenye mkaa, nyumba yetu ikiwa mojawapo. Mkaa unatoka wapi? Misituni. Unatibu bomba la gari, unakata mti.

#12 Kapteni wa Kibaha

Binti Kasulu, hilo la mashine sikulifikiria. Nakubali.

#13 Mwalimu wa Fizikia

Habari zenu. Naona mambo mawili yamechanganywa tangu #1, ndiyo maana hatuelewani.

Kuna gesi inayopasha dunia joto, na kuna moshi unaoumiza kifua cha mtoto wa Mama Junia. Si kitu kimoja.

Lita moja ya petroli ikiungua inatoa kama kilo 2.3 za kaboni dayoksaidi. Iungue kwenye gari la 1998 au la mwaka jana, ni zilezile. Dizeli ni kama kilo 2.7. Kwa hiyo hesabu ya joto la dunia imo kwenye lita unazochoma, na kila unapoingia sheli unalipa kodi kwa lita. Mwenye V8 analipa zaidi ya mwenye Vitz bila mtu kuuliza umri wa gari.

Masizi na gesi kali ni habari nyingine. Hiyo inategemea injini, masega, ubora wa mafuta na servisi. Umri ni kiashiria tu, tena kiashiria dhaifu, kama alivyoonyesha Fundi hapo #5. Ni kama kupima homa kwa kuangalia cheti cha kuzaliwa.

Na hewa inaweza kusafishwa bila kumtoza dereva. Petroli yetu ilikuwa na risasi, madini yanayoharibu ubongo wa watoto. Nchi za Afrika zilikubaliana Dakar 2001, na kufikia mwanzoni mwa 2006 nchi za kusini mwa Sahara zilikuwa zimeacha kuitumia. Nchi ya mwisho duniani kumaliza akiba yake ilikuwa Algeria, 2021. Vilevile Afrika Mashariki ilikubali dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni kuanzia Januari 2015. Amri ilikwenda kwa waagizaji mafuta, hewa ikabadilika kwa wote.

#14 Mjukuu wa Chifu

Mwalimu umeandika somo zima, kengele imeshalia 😀. Ila nimekuelewa.

#15 Msee wa Thika Road

Majirani, hamjambo. Huku Kenya tulikataa hizo mambo barabarani. 2024 Mswada wa Fedha ulileta ushuru wa mazingira na ushuru wa gari wa 2.5% kila mwaka, vijana wakaingia Bunge, rais akarudisha mswada. Nyinyi mnahesabu tu.

#16 Mombasa Raha

Ndugu yangu wa Thika, sema kisa chote. Mimi pia ni Mkenya.

Ule ushuru wa 2.5% ya thamani ya gari, kiwango cha chini shilingi 5,000 na cha juu 100,000, uliondolewa Juni 18, wiki moja kabla ya vijana kuingia Bunge Juni 25. Tena haukuitwa wa mazingira, ulikuwa wa magari tu, ulipwe pamoja na bima. Wa mazingira ulikuwa mwingine, ulilenga bidhaa kama matairi, vifaa vya elektroniki na nepi. Watu walivichanganya kwa sababu vilikuja kwa karatasi moja.

Na baada ya mswada kuanguka, Julai ileile ada ya kutunza barabara ilipanda kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita. Kwa hiyo tulifunga dirisha, ikaingia mlangoni.

Huku hatutozi uchakavu kama nyinyi. Gari likipita miaka 8 haliingii kabisa. Je, hewa ya Nairobi ni safi kwa ajili hiyo? Simama Gikomba saa kumi na mbili jioni uniambie. Matatu za zamani zimo humu humu, hazikuja jana.

#17 Msee wa Thika Road

Sawa, tarehe umenishinda. Lakini hasira ilikuwa moja.

#18 Jinja Boy

Uganda tunayo yenye jina kabisa, inaitwa ya mazingira. 35% au 50% ya thamani, kulingana na umri. Na tangu 2018 gari lililopita miaka 15 limekatazwa kuingia. Kampala jioni bado unakohoa. Nafikiri shida ni bodaboda na barabara ya vumbi, siyo Premio ya mwalimu.

#19 Dada wa Croydon

Salaam kutoka London. Nimewasoma kimya, sasa nimeshindwa.

Msifikiri wenye kuona shaka ni Waafrika tu. Hapa tunalipa pauni 12.50 kwa siku kama gari lako halifikii kiwango cha moshi. Ilianza katikati ya jiji Aprili 2019, ikapanuliwa mpaka pembezoni zote Agosti 29, 2023. Watu walikata waya za kamera usiku. Kuna kiti kimoja cha ubunge, Uxbridge, ambacho wengi wanasema chama cha meya wa London kilikikosa mwezi uliotangulia kwa sababu ya hilo tu.

Mimi ni mhudumu wa wazee majumbani. Nilikuwa na gari la dizeli la 2011. Dizeli inatakiwa ifikie Euro 6, kiwango cha moshi cha Ulaya, langu halikufikia. Zamu yangu inaanza saa kumi na moja alfajiri, basi la mtaani kwangu bado halijaanza. Pauni 12.50 kila siku nikienda kumwosha mzee wa watu. Nililia. Nilipata fidia ya pauni 2,000 ya kuliharibu lile gari, nikaongeza deni, nikanunua la petroli. La petroli la 2006 kwa kawaida linapita bure. Mnaona? La 2006 linapita, la 2011 halipiti. Huku hawaangalii umri peke yake, wanaangalia kiwango cha moshi.

Na kuna kidonda cha zamani. Mwaka 2001 serikali ya hapa ilibadilisha kodi ya mwaka ya magari ikafuata kaboni dayoksaidi. Dizeli ikawa nafuu, watu wakaambiwa dizeli ni rafiki wa mazingira, wakanunua kwa mamilioni. Baadaye wakaambiwa dizeli ndiyo inayoua mapafu. Mtu aliyetii mara ya kwanza ndiye aliyeadhibiwa mara ya pili. Mnategemea aamini ya tatu?

Lakini niseme na hili: hewa ya mtaani kwangu ni nafuu kuliko nilipohamia. Nalisema ingawa liliniumiza.

#20 Mama Junia

Dada wa Croydon, Mungu akulipe kwa kusema pande zote mbili.

#21 Mwalimu wa Fizikia

Alichosema Dada kuhusu basi la alfajiri ndicho kiini, kwa maoni yangu. Kodi ya kumbadilisha mtu inahitaji mahali pa yeye kubadilikia.

Ufaransa Novemba 2018, maandamano ya vizibao vya njano yalianza kwa kodi ya kaboni kwenye mafuta. Waliotoka kwa wingi walikuwa watu wa miji midogo na vijijini ambako huwezi kufika kazini bila gari. Serikali ikasimamisha nyongeza Desemba. Stockholm ilikuwa kinyume. Mwanzoni watu wengi walipinga ada ya kuingia mjini. Wakaongezewa mabasi, wakajaribishiwa kuanzia Januari hadi Julai 2006, magari yakapungua kama moja ya tano, ndipo Septemba wakapigishwa kura. Waliopinga miezi michache nyuma wakaikubali kwa wingi mdogo. Waliona kwanza, wakalipa baadaye.

#22 Dereva Bajaji Tegeta

Sasa nisikilizeni mimi, maana mnazungumzia mabasi ya Ulaya.

Bajaji yangu inatumia gesi. Nilikopa kuweka mtungi kwa sababu tuliambiwa gesi ni yetu, ni safi, ni rahisi. Foleni ya kujaza ilikuwa ya kulala, nililala. Juni 2024 bajeti inasomwa, nasikia pendekezo la shilingi 382 kwa kila kilo ya gesi ya magari, eti na sisi tunatumia barabara. Kweli tunatumia. Lakini mtu aliyehama kwenda kwenye kisafi ndiyo wa kumkimbilia hata deni hajamaliza? Siku ile kijiweni hakuna aliyezungumzia Simba na Yanga.

Mnauliza kwa nini hatuamini. Hatuamini kwa sababu ukihama, wanakufuata.

#23 Kapteni wa Kibaha

Dereva, nakuelewa, lakini fikiri na upande wa pili. Kama barabara inatunzwa kwa kodi ya petroli na wote wakihamia gesi na umeme, nani atafukia shimo la Tegeta? Kila nchi itakutana na swali hilo.

#24 Dereva Bajaji Tegeta

Kapteni, waseme hivyo basi. Waseme ni shimo. Wasiseme mazingira leo, kesho barabara, keshokutwa reli.

#25 Forodha Kurasini

Niongeze sababu ambayo hamjaitaja. Umoja wa Mataifa ulitoa ripoti 2020: kati ya 2015 na 2018 magari madogo yaliyotumika kama milioni 14 yaliuzwa nje na Ulaya, Japani na Marekani, na kama asilimia 40 yalikuja Afrika. Kuna ya kutoka Ulaya yaliyokutwa hayana masega tayari, hayafai hata kutembea kule. Kwa hiyo mtoa taka analipwa bei, mpokeaji analipa bei na adhabu juu yake. Mteja wangu mmoja, mzee wa Lushoto, aliniambia: "Mwanangu, mbona faini ya uchakavu haimfikii aliyelichakaza?" Sikuwa na jibu.

#26 Mjukuu wa Chifu

Huyo mzee ndiye anafaa kuwa waziri.

Mimi bado nasema ni rahisi kuliko mnavyofikiri. Hakuna mtu anayependa kutozwa, basi. Hata wangetuonyesha hewa kwenye chupa tungelalamika.

#27 Binti Kasulu

Si kweli, Mjukuu. Kijijini kwetu tulichangishana bomba la maji, hakuna aliyenung'unika. Bomba tuliliona.

#28 Mtoto wa Pangani

Sikutegemea uzi ungefika huku. Shukrani kwenu.

Kuna mtu kanitumia ujumbe pembeni kwamba uchakavu umefanya kazi, kwamba bila huo tungekuwa bado tunaleta Carina za miaka ya 90. Anasema barabarani leo unaona IST na Vitz, baby walker zile, kwa sababu hesabu ya getini iliwasukuma watu kwenye injini ndogo. Mnasemaje?

#29 Forodha Kurasini

Kuna ukweli. Wateja wanachagua kwa kikokotoo. cc zisizozidi 1,000 ushuru wa injini ni sifuri, mpaka 2,000 ni 5%, juu ya hapo 10%. Hilo linaonekana. Lakini IST za mwanzo ni za 2002, nazo sasa zina zaidi ya miaka 20 na bado watu wanaziagiza, wanalipa 30% na roho safi. Kwa sababu hata baada ya kulipa bado ni rahisi kuliko jipya. Kwa hiyo gari la zamani limeingia vilevile, ila mnunuzi amebaki na mfuko mwepesi, na hela ya servisi ndiyo imekatwa.

#30 Fundi Masega

Hapo pa servisi Forodha umepiga penyewe. Mtu anafika kwangu na gari alilolitoa bandarini juzi, hana hela ya plagi wala filta ya hewa. Ananiambia "fundi, hela yote imeishia getini". Plagi zimechoka, petroli haiungui yote, linakunywa na kunuka.

Ingekuwa mimi, ningetoza kila mwaka kwa kinachotoka nyuma ya bomba. Pale tunapochukua stika ya Nenda kwa Usalama, taa zinaangaliwa, breki zinaangaliwa. Mrija mmoja wa kupimia hewa kwenye bomba, dakika mbili. Safi, unalipa kidogo. Chafu, unarekebisha. Na lori lipimwe pia.

#31 Kapteni wa Kibaha

Fundi, na huyo mpimaji akipewa elfu kumi? Utakuwa umeanzisha dirisha jingine.

#32 Fundi Masega

Namba itoke kwenye karatasi, mwenye gari aione, ibandikwe kwenye kioo. Hata Mama Junia akisimama barabarani aisome.

#33 Msee wa Thika Road

Hiyo hata huku itafanya kazi. Ama pia haitafanya, sijui. Lakini ningelipa.

#34 Dada wa Croydon

Huku kipimo cha moshi kimo kwenye ukaguzi wa kila mwaka. Na bado kuna mafundi wa pembeni wanaorudisha kifaa siku ya ukaguzi na kukitoa kesho yake. Sisemi msijaribu.

#35 Mama Junia

Fundi Masega, hiyo mashine ya kupimia unayo? Kuna daladala mbili zinalala hapa jirani, madereva wake nawafahamu, ni watoto wa majirani. Wamekubali kuja Jumapili kama huwatozi.

#36 Fundi Masega

Sina ya dizeli, mama, ninayo ya petroli tu, nayo ni ya kuazima. Lakini waje. Nozeli na filta naweza kuziangalia kwa macho na kwa mkono, sitawatoza. Waambie waje mapema kabla jua halijawa kali.

#37 Mtoto wa Pangani

Nami nitakuja hiyo Jumapili. Gari bado sijaagiza.